Nani Afungaye Safari? Miji ya Italia, Mitaa ya Eastlands na Usafiri katika Nathari ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili safari hufungwa. Usemi wa kufunga safari umehifadhi kumbukumbu ya kazi ya mikono: kupima mizigo, kuifunga kwa kamba, kuigawa na kumtwika mtu. Msemaji wa leo wa Nairobi aweza kusema amefunga safari ilhali mkononi ana mkoba mmoja tu, lakini lugha bado inamkumbusha kwamba kabla ya mguu wa kwanza kuinuliwa, pana mtu aliyeamua njia, muda, gharama na shabaha ya mwendo. Makala haya yanachunguza swali linalotokana na usemi huo: katika historia ya nathari ya Kiswahili, ni nani hasa anayefunga safari?

Ili kulijibu swali hili, makala yanachukua mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza uko mbali na Afrika Mashariki, yaani ziara ndefu na ya taratibu katika miji ya kale ya Italia: Venice, Florence, Roma na Naples. Katika fasihi ya Ulaya hii ndiyo safari ya mfano. Haina biashara ndani yake, wala vita, wala amri ya mkubwa. Msafiri hukaa kwenye chumba chake kwa miezi akipanga mji upi autangulize na upi aukalie zaidi, kisha huenda kwa sababu moja tu, kwamba anataka kuona. Hapana maandishi mashuhuri ya Kiswahili ambayo shabaha yake ni ziara ya namna hiyo. Dai la makala haya ni kwamba ukosefu huo una historia, na kwamba historia yenyewe inasomeka vizuri zaidi katika mitaa ya Eastlands ya Nairobi, ambako mabaki ya msafara wa zamani, mateka wa vita wa Kiitalia na Roma ya vitabuni vilikutana katika eneo moja.

2.0 Italia kama Ratiba

Ziara ya Italia ilipata jina lake katika karne ya 17. Richard Lassels, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyewasindikiza vijana wa matajiri kama mwalimu wao, aliandika kitabu kuhusu safari ya Italia kilichochapishwa mwaka 1670, na humo ndimo jina la Ziara Kuu linapoonekana kwa mara ya kwanza katika Kiingereza. Katika karne iliyofuata ziara hiyo ikawa sehemu ya malezi ya tabaka la juu. Kijana alitoka kwao akiwa na barua za kutambulishwa, hati za benki na mwalimu, akarudi baada ya mwaka mmoja au zaidi na sanamu, picha na shajara.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Goethe. Alfajiri ya Septemba 3, 1786, aliondoka Karlsbad bila kuwaaga wenyeji wake, akapita Venice hadi Roma, akafika Naples na Sicily, wala hakurudi Weimar hadi 1788. Wahakiki wengi hutilia mkazo uhuru wa kitendo hicho. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mtawala wa Weimar, ambaye Goethe alikuwa mtumishi wake, aliendelea kumlipa mshahara kwa muda wote huo. Starehe ya msafiri ilikuwa na mlipaji, ila mlipaji hakuwa na amri juu ya njia. Msafiri wa Ziara Kuu basi alimiliki mambo matatu kwa pamoja: muda wake, njia yake, na maneno ya kusimulia alichokiona. Huu ndio utatu ambao makala haya yanautumia kama kipimo.

Hapana budi kuongeza jambo la nne, nalo ni kwamba ratiba hutangulia mwendo kiasi kwamba mara nyingine huuchukulia nafasi. Marco Polo wa Venice alieleza habari za Zanzibar bila kufika huko. Shakespeare aliiweka michezo yake Venice, Verona, Padua na Roma, na hapana ushahidi wowote kwamba aliwahi kuvuka mpaka wa Italia. Kwa hiyo kuupanga mji kwa maneno ya watu wengine, ukiwa umekaa mahali pamoja, ni sehemu halali ya historia ya usafiri. Hoja hii itahitajika baadaye, wakati wa kumzungumzia msomaji wa Eastlands.

3.0 Shanga za Venice katika Mizigo ya Wapagazi

Uhusiano wa msafiri wa Kiswahili na miji ya Italia haukuanza na vitabu. Ulianza na mzigo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara ilitumia nguo, nyaya na ushanga kama fedha, na sehemu kubwa ya ushanga huo ilitengenezwa Venice, ambako kisiwa cha Murano kilikuwa na sifa ya kazi ya kioo tangu zama za kati. Ushanga mwekundu ulioitwa samisami ulitafutwa sana bara. Mpagazi aliyebeba frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kutoka pwani hadi Tabora au Ujiji, aliweza basi kuuchukua mji wa Venice begani miezi mitatu mfululizo bila kuwa na haja ya kulijua jina lake. Huo ndio mkutano wa kwanza wa Italia na safari ya Kiswahili: mji umo ndani ya furushi, naye abebaye furushi si aliyelifunga.

Nathari ya awali inalithibitisha jambo hili kwa namna zake mbalimbali. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyasimulia maisha yake kwa maandishi, na matini yakachapishwa na Heinrich Brode huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo ufungaji wa safari ni suala la mikopo. Msafara unaondoka kwa sababu mfanyabiashara, hasa Taria Topan wa Unguja, ametoa bidhaa kwa kuamini kwamba pembe zitarudi. Tippu Tip ndiye anayechagua njia, hivyo yeye yu karibu na kumiliki safari yake kuliko msimulizi mwingine yeyote wa wakati huo. Hata hivyo muda wake umewekwa rehani, na kila siku ya kukaa mahali ina bei. Mtoro bin Mwinyi Bakari naye, katika Desturi za Waswahili iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaieleza safari kama desturi ya jamii, yenye maandalizi yake, viongozi wake na miiko yake. Msafiri mmoja aliye na shauku yake binafsi haonekani.

Mfano ulio karibu zaidi na ziara ya Ulaya ni masimulizi ya Selim bin Abakari, yaliyomo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Velten wa mwaka 1901. Selim, mzaliwa wa Ngazija, alifuatana na ofisa wa Kijerumani, Theodor Bumiller, kutoka Berlin hadi St Petersburg na Moscow, kisha Siberia na miji ya Asia ya Kati. Kwa upana wa ramani na kwa wingi wa miji ya kale, wasafiri wachache wa Ziara Kuu wangeweza kumshinda. Jicho lake ni kali, na nathari yake ina utulivu wa mtu anayejua kusimulia. Lakini Selim alikwenda kama mtumishi. Njia ilikuwa ya bwana wake, muda ulikuwa wa bwana wake, na pale anapodhani anatazama, mara nyingi yeye mwenyewe anageuka kitu cha kutazamwa. Kati ya milki zile tatu, Selim alipata moja tu, yaani maneno. Na hata hayo yaliwafikia wasomaji kwa kupitia mhariri wa Kijerumani, kwa ajili ya wanafunzi wa Kiswahili wa Ujerumani.

Mtindo huu uliendelea katika karne ya 20. Mwaka 1931 Martin Kayamba alikwenda London, pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamugira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kenya ilipeleka mashahidi wake pia, akiwamo Koinange wa Mbiyu. Kitabu cha Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka 1932. Jina lake lastahili kuangaliwa. Kuona kumetangulia kufanya, kana kwamba mtunzi alitaka kudokeza kwamba ndani ya safari ya kazi ilikuwamo safari nyingine, ya macho, ambayo haikuandikwa katika barua ya mwaliko. Dokezo hilo ni dogo, lakini ni la thamani kubwa katika historia ya utanzu huu.

Isemwe wazi kwamba Waswahili walizijua safari ndefu za hiari. Hija ilipangwa kwa miaka, kwa fedha iliyowekwa kidogo kidogo, na aliyeifunga ndiye aliyekwenda. Lakini hija ni ibada, nayo ina shabaha iliyowekwa tangu mwanzo na njia iliyokwishakanyagwa. Ziara ya kuona kwa ajili ya kuona ni jambo jingine, na lugha ililitenga kwa maneno mengine: matembezi, ziara, na baadaye utalii, neno ambalo yaelekea limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa mutalaa. Ikiwa ndivyo, basi katika kina cha lugha kutalii na kusoma ni ndugu.

4.0 Kutoka Msafara hadi Mtaa

Msafara ulipokufa, watu wake hawakutoweka. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na mji ukaanza kukua, miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo Waafrika walikuwamo wapagazi, askari na wafanyabiashara wadogo waliotoka pwani au waliojifunza Kiswahili na Uislamu njiani. Vijiji vyao vilikuwa na majina kama Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala ulianza kuvibomoa na kuwahamishia watu Pumwani, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikavunjwa, baadhi ya wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo. Eastlands ilianza hivyo: kituo cha mwisho cha msafara ambao wenyewe ulikuwa haufungwi tena.

Majina ya eneo hili yanasomeka kama orodha ya safari zisizo za hiari. Kariokor ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichokusanya watu kwa mamia ya maelfu na kupoteza makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Soko la Burma linakumbusha vita vya pili na askari wa King's African Rifles waliopelekwa Asia. Wimbo mashuhuri wa kikosi hicho, unaojulikana kwa jina la Funga Safari, ulijengwa juu ya swali na jibu kuhusu aliyetoa amri ya kuondoka. Katika wimbo huo usemi wa kufunga safari umetimiza mabadiliko yake kamili: afungaye ni askari, lakini aamuaye ni kapteni.

Mtaa wa Mbotela una jina lenye uzito kwa mhakiki wa fasihi. Umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeishi Kaloleni na kuuawa Novemba 1952. Alikuwa wa ukoo uleule wa Freretown alikotoka James Juma Mbotela, mtunzi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934 ambacho mara nyingi hutajwa miongoni mwa vyanzo vya riwaya ya Kiswahili. Kitabu hicho ni masimulizi ya safari pia: watu wanatekwa bara, wanapelekwa pwani, wanatiwa majini, wanaokolewa na meli ya Waingereza na kukalishwa Freretown. Hakuna hata hatua moja ambayo wasafiri wake walijipangia. Hata uhuru wao unawafikia kama mwelekeo mpya wa chombo kinachoendeshwa na wengine.

Mkazi wa mitaa hii aliishi chini ya nadharia ya kiutawala iliyomchukulia kama mpita njia. Mji ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi na ambaye angerudi mashambani, ndiyo maana vyumba vingi vilijengwa kwa kipimo cha mwanamume asiye na jamaa. Kipande kilimfuata shingoni tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na wakati wa Hali ya Hatari vibali vipya vilichukua nafasi yake. Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil ilipoanza, majeshi yaliuzingira mji, na maelfu ya wakazi wa Eastlands walitolewa nyumbani, wakachujwa na kupelekwa kambini. Hapa pana kinaya kizito. Aliyeitwa mpita njia hakuruhusiwa kupita, naye asiyetambuliwa kuwa mkazi hakuruhusiwa kuondoka.

Katika miaka hiyohiyo Nairobi ilikwisha kuwa mji mkuu wa safari kwa maana ya Kiingereza. Tangu ujio wa Theodore Roosevelt mwaka 1909, akiwa na wapagazi zaidi ya 200, neno hilo la Kiswahili lilikuwa likienea duniani likiwa na maana ya mapumziko ya matajiri porini. Lugha ya wabebaji ikawapa wabebwaji jina la starehe yao. Ni mikopo michache ya maneno iliyogeuza maana ya neno kwa ukamilifu wa namna hiyo.

Wakazi wa Eastlands nao walikuwa na safari yao ya mwaka, ya kurudi mashambani mwezi wa Desemba. Hiyo ilipangwa tangu mapema, kwa sukari iliyowekwa akiba, nguo za watoto, na nafasi iliyogombewa katika kituo cha mabasi ya Machakos. Ni safari ya furaha, lakini ni ya wajibu: msafiri anatarajiwa, anahesabiwa, na mizigo yake imekwisha kugawiwa kabla hajafika. Na kwa siku za kawaida alibaki na ramani ya ajabu. Mitaa ya Jerusalem na Jericho iko jirani, na mtoto wa huko alivuka kati ya miji miwili ya Biblia kwa miguu, kwenda dukani na kurudi, kabla ya jua kutua.

5.0 Mateka Waliopanga Matembezi

Italia iliingia Eastlands kwa mlango usiotarajiwa. Baada ya majeshi ya Italia kushindwa Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, mateka wa Kiitalia kwa makumi ya maelfu waliletwa Kenya. Walifanya kazi za barabara na majengo, na kanisa dogo lililo kando ya barabara ya Mai Mahiu, la mwaka 1942, ni kumbukumbu ya mikono yao. Masimulizi ya wenyeji na maandishi mengi kuhusu jiji yanawahusisha pia na ujenzi wa Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 uliopangwa kwa ajili ya familia za Kiafrika, wenye nyumba za mawe, nafasi za wazi za nyasi na ukumbi wa kijamii katikati. Kwa masimulizi hayo, mtu kutoka nchi ya Roma na Florence alijenga akiwa mfungwa nyumba ya mtu ambaye, katika nchi yake mwenyewe, alihitaji kibali ili kutembea.

Miongoni mwa mateka hao alikuwako Felice Benuzzi, aliyeshikwa Uhabeshi na kufungwa katika kambi namba 354 huko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka. Hawakutaka kukimbilia nchi nyingine. Walitaka kuupanda mlima, kisha warudi kambini. Kwa miezi walikuwa wakiweka akiba ya chakula, wakitengeneza zana kutokana na vyuma vilivyotupwa, na kujifunza umbo la mlima kutokana na picha iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Walishindwa kukifikia kilele cha Batian, wakaisimika bendera yao Lenana, wakarudi baada ya siku 18 na kutumikia adhabu. Kitabu cha Benuzzi kilitoka kwa Kiitalia mwaka 1947.

Umuhimu wa kisa hiki kwa makala haya uko katika maandalizi yake kuliko katika mlima. Mfungwa hana muda, kwa sababu muda wake ni wa mlinzi. Anapoanza kupanga safari isiyo na faida, kila siku inarudi kuwa yake: leo ametafuta kamba, kesho atatafuta sukari. Kupanga kwenyewe ndiko kuliko kuwa uhuru, na mwendo ulifuata tu. Hata hivyo ulinganisho na jirani yake Mwafrika lazima ufanywe kwa uangalifu. Benuzzi alirudi kambini akapewa adhabu ya kijeshi, na baadaye akawa mwandishi wa kisa ambacho hata maadui zake walikifurahia. Mkazi wa Eastlands ambaye angejitwalia siku 18 za matembezi mwaka 1943, bila ya cheti cha mwajiri, angekabiliwa na mahakama na kupoteza kazi, chumba na pengine haki ya kukaa mjini. Starehe ya mfungwa mmoja ilisomeka kama ushujaa, nayo ya mwingine ingesomeka kama uzururaji. Tofauti iliyopo kati ya maneno haya mawili ni ya kisiasa.

6.0 Venisi katika Rafu ya Vitabu

Njia ya pili ya Italia ilikuwa tafsiri. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaizari, ambayo aliisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, pamoja na Tufani ya S. S. Mushi, ambayo wahusika wake wakuu ni watawala wa Milan na Naples. Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1960 msomaji wa Kiswahili aliweza kupita Roma, Venice na habari za Milan na Naples kwa lugha yake mwenyewe, bila ya hati ya kusafiria.

Wahakiki wamezungumza sana kuhusu uamuzi wa Nyerere wa kumgeuza mfanyabiashara mmoja kuwa mabepari wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba mchezo wenyewe unaanza na tatizo la kufunga safari. Bassanio anataka kwenda Belmont kwa fahari, lakini hana fedha. Antonio anakopa kwa niaba yake, na rehani ni ratili ya nyama ya mwili wake. Ziara moja ya kijana wa tabaka la juu, yenye nguo nzuri na watumishi, inasimama juu ya mwili wa mtu mwingine. Msomaji aliyekwisha kuyapitia masimulizi ya Tippu Tip atautambua uhusiano huu mara moja: mkopo wa Unguja na mkopo wa Venisi vina sarufi moja, ila pwani ya Afrika Mashariki mwili uliowekwa rehani ulikuwa wa mpagazi, au wa mtumwa, ambaye hakuwa na Portia wa kumtetea mahakamani.

Mahali pa kuyasoma haya nako kuna historia yake. Kwa miaka mingi ya ukoloni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya Nairobi mwaka 1931, haikuwapokea Waafrika. Baadaye ilipata matawi mawili katika Eastlands, Kaloleni na Makadara, ambayo yamekarabatiwa katika miaka ya karibuni. Tawi la maktaba katika mtaa wa wafanyakazi si jambo dogo kwa mada hii. Ikiwa Shakespeare aliweza kuipanga Italia kwa vitabu vya watu wengine, basi kijana wa Kaloleni aketiye mezani na ramani na tamthilia anafanya kazi ileile ya ubunifu, na mutalaa wake ni utalii kwa maana kamili ya mzizi wa neno.

Barabara hii imepitwa pia kwa upande wa pili. Chuo kikuu cha Naples kinachojulikana kama L'Orientale kilikuwa mojawapo ya vituo muhimu vya uhakiki wa Kiswahili barani Ulaya, na Elena Bertoncini-Zúbková aliyefundisha huko alitoa mwaka 1989 muhtasari wa nathari bunilizi na tamthilia ya Kiswahili ambao umekuwa rejeo la wanafunzi wengi. Riwaya za Afrika Mashariki zilifika Naples kabla ya wengi wa wasomaji wake wa nyumbani.

Na riwaya yenyewe ya Kenya je? Safari imo kwa wingi, lakini mfungaji wake bado ni wa kutiliwa shaka. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, Dzombo anafikia nchi ya haki kwa chombo alichopakiwa kama adhabu. Hukumu ndiyo inayofunga safari. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, Msanifu Kombo anatoka Tanga kuja Kenya akisukumwa na uyatima na haja ya kumwona baba yake. Katika Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, ya mwaka 2002, mhusika mkuu anapitishwa Ulaya, Asia na Marekani, lakini mabara hayo ni maonyesho ya vita na utandawazi, naye anayapita kama mtu anayesoma mashtaka. Katika kazi zote tatu msafiri anajifunza mengi, wala hapati siku moja ya kukaa kwenye uwanja wa mji asiojua, akaagiza kinywaji, akatazama watu wakipita, bila ya sababu. Hii si kasoro ya watunzi hao. Ni uaminifu wao kwa historia ambayo haijawahi kuwapa wasomaji wao siku hiyo.

7.0 Hitimisho

Yawezekana mhakiki akauliza kama ziara ya starehe inastahili kushughulikiwa hivi, wakati fasihi ina njaa, ardhi na ukandamizaji wa kuzungumzia. Pingamizi hilo lina nguvu, hasa kwa waliolelewa katika uhakiki wa kitabaka wa miaka ya 1970 na 1980. Lakini linakubali bila kujua mgawanyo uleule wa kikoloni, kwamba wako watu wa kuona na wako watu wa kubeba. Muda usio na kazi ndani yake ni mali kama ardhi ilivyo mali, na historia ya nani ameumiliki ni sehemu ya historia ya matabaka. Mjini Malindi, ambako Waitalia wamekuwa wakija kupumzika kwa miongo kadhaa, wenyeji wengi wamejifunza Kiitalia kwa ufasaha, na wamekijifunza kama lugha ya kuhudumia wageni. Wanaijua lugha ya Dante bila ya kuijua njia ya kwenda Florence.

Njia hiyo leo ina mlinzi wake. Tangu Italia ilipoanza kuutekeleza mkataba wa Schengen mwaka 1997, Mkenya anayetaka kuiona Roma hupaswa kuomba viza kwa kuwasilisha ratiba, uthibitisho wa malazi, taarifa za benki, bima ya angalau yuro 30,000 na sababu za kumfanya arudi nyumbani. Akikubaliwa, hawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Goethe aliondoka alfajiri bila kumwaga mtu. Mkazi wa Umoja au Buruburu hana budi kuutangaza kila mji na kila usiku mbele ya ofisa kabla ya kuondoka, na mpango wake wa safari unageuka ushahidi, kama ule wa Kayamba mbele ya kamati ya mwaka 1931.

Yafuatayo basi yanapendekezwa kwa wanafunzi wa nathari ya Kiswahili. Kwanza, sura za maandalizi katika masimulizi ya safari zisomwe kwa makini uleule unaotolewa kwa sura za mwendo, maana humo ndimo mamlaka yanapojidhihirisha. Pili, swali la nani aliyelipa, nani aliyechagua njia na nani aliyeandika liulizwe kwa kila matini, kuanzia Velten hadi riwaya ya leo. Tatu, ukimya wa ziara ya starehe usichukuliwe kama upungufu wa utamaduni. Lugha iliyotoa neno safari kwa dunia nzima ina maneno yote yanayohitajika kusimulia miezi mitatu ya kwenda taratibu kutoka Venice hadi Naples. Kinachosubiriwa ni msimulizi ambaye furushi lake amelifunga mwenyewe, na ambaye hakuna anayemdai sababu ya kulifunga.